Urefu wa Goti

Tulikwenda Keko na fedha mkononi,
mimi na Bi Chausiku, mweka hazina wa chama,
michango ndani ya bahasha ya kaki:
elfu mbili za muuza vitumbua wa Buguruni,
elfu hamsini za yule aliyeomba asitajwe,
na zile za harusi iliyovunjika,
ambazo wazee walisema, basi, ziende shule.

Madawati arobaini, tukamwambia fundi.
Mninga hatuuwezi. Tupe bei ya msonobari.
Fundi Mtoro akapuliza vumbi la randa,
akachomoa penseli sikioni,
akauliza:
Magoti yao yako wapi?

Tukatazamana.

Kwenye faili tulikuwa na kila kitu.
Idadi ya wavulana, idadi ya wasichana,
walimu wanne, mmoja likizo ya uzazi,
kilomita kutoka lami hadi mlango wa darasa,
na wangapi wanaweza kusoma aya moja
bila kugoma katikati kama punda darajani.
Juu kabisa, kwa wino mzito: ELIMU BORA.
Magoti hatukuwa nayo.

"Dawati si sanduku," akasema.
"Miguu ikining'inia, damu inalala.
Damu ikilala, na akili inajikunyata.
Nendeni mkanipimie."

Basi nikarudi Mvuti
na futi ya kitambaa ya shangazi yangu mshonaji,
namba zake zimefutika kati ya thelathini na thelathini na tatu,
hapo nikawa nakisia.

Mwalimu Pazi akawapanga ukutani.
Nikapiga magoti kupima magoti.
Goti la Mwanamvua lina kovu la jembe.
Goti la Kibwana lina weusi usiotoka kwa sabuni:
kila Alhamisi hufukia tanuri la mkaa na baba yake,
na Alhamisi ndiyo siku ya sehemu na desimali.
Mapacha wa Mzee Ngwale wanalingana,
ila mmoja alinyanyua kisigino kwa siri
amzidi mwenzake japo kwa ukucha.
Darasa la kwanza walicheka tu, wametekenywa,
nikaandika vicheko vyao kwa sentimita.

Na Shomari.
Miaka kumi na minne, darasa la tatu.
Alisimama mwisho wa mstari,
nikimkaribia anampisha mtu,
anarudi mwisho tena.
Nikampima nyuma ya choo kipya
kisichopauliwa bado, mimi na yeye tu.
Hamsini na mbili.
"Andika ndogo," akaninong'oneza,
"nikae kama wengine."

Sikuandika ndogo.
Sikuandika chochote. Niliibeba kichwani
mpaka Keko, nikaitamka chini chini
msumeno ukiwa unanguruma.
Fundi Mtoro alisikia.
"Alikuwa wapi huyu?"
Akichimba mchanga, nikasema, miaka mitatu.
Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ubao.

Kenta ilifika Jumatatu, imekwama mara mbili.
Watoto walibeba wenyewe,
wawili wawili, kama siafu na kipande cha ndizi.
Saizi tatu, kingo zimepigwa msasa
hata kiganja cha mtoto hakioni kibanzi.
La arobaini ukiwa mlangoni hulitofautishi:
uso wake sawa na jirani zake.
Ila chini, pale pa kuwekea daftari,
fundi amekata, ameacha tupu.
Shomari alikaa. Akainama kuchungulia.
Akainuka, akaomba chaki apeleke ubaoni.

Kwenye ankara, kazi ile haikuandikwa.

Alhamisi tulikwenda tena.
Desimali zilikuwa ubaoni.
Dawati la Kibwana lilikuwepo, kipimo chake hasa,
na juu yake mjusi anaota jua la dirishani.

Bi Chausiku akafungua faili.
Chini ya ule wino mzito
akaandika kwa penseli neno moja, tanuri,
akavua viatu vyake vya mjini,
akamuuliza Mwanamvua
njia ya kwenda kwa baba yake Kibwana.